Asante dada nesi wa siku ile ya ajali ya Igoma

Dada nesi, jina lako sikulipata ila naomba shukrani hizi zikufikie popote ulipo hapa Mwanza. Siku ile tumeleta majeruhi wa bodaboda toka Igoma, mimi askari wa zimamoto glavu zimechanika mikono imejaa damu, ukaniuliza umechanja homa ya ini B? Nikasema sijawahi, na kazini nna miaka kibao jamani! Ukaacha chai yako ukaniambia kirusi kile kinaishi hata siku 7 kwenye damu iliyokauka, ukanisindikiza mwenyewe kupima halafu chanjo, dozi 3, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi 6 tangu ile ya kwanza. Juzi nimemaliza, na wenzangu wanne wa zamu wameanza. Mungu akutunze dada yangu.