Barua kwa Mwanangu: Kijinamba Kisichoguswa

Mwanangu mpendwa,

Nimelipitia daftari lako la kemia ulilolisahau mezani. Uliandika mlinganyo wa haidrojeni na oksijeni kuungana kuwa maji, H₂ + O₂ → H₂O, kisha ulipogundua kwamba upande wa kulia umepungukiwa na oksijeni moja, ukachomeka kijinamba cha 2 chini ya O ili hesabu ikubali. Ilikubali kweli, lakini maji hayakuwepo tena: H₂O₂ ni haidrojeni peroksaidi, kemikali ya kupaushia nywele, na atakayeinywa akidhani ni maji atajuta.

Kijinamba cha chini hueleza kitu chenyewe ni nini, kwa hiyo hakiguswi. Unachoruhusiwa kubadili ni namba ya mbele, inayoeleza molekuli ni ngapi. Molekuli moja ya oksijeni ina atomu mbili, na kila molekuli ya maji huchukua moja tu, kwa hiyo zitatoka molekuli mbili za maji, nazo zitadai atomu nne za haidrojeni: 2H₂ + O₂ → 2H₂O. Hesabu kwa kidole, huku na kule.

Usidhani ni amri ya mwalimu tu. Mmenyuko wa kemikali hauumbi atomu wala hauzifuti, bali huvunja vifungo vya zamani na kuzipanga upya. Mfaransa Antoine Lavoisier, ambaye mizani haikumtoka mkononi, aliliandika jambo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1789, kwamba kiasi cha maada kabla na baada ya mmenyuko ni kile kile. Alifanya majaribio ndani ya vyombo vilivyofungwa, maana gesi ndizo zinazotuhadaa: mshumaa huonekana umekwisha, kumbe umegeuka kaboni dayoksaidi na mvuke. Gramu 4 za haidrojeni na gramu 32 za oksijeni hutoa gramu 36 za maji. Kwa mlinganyo wako wa kwanza, gramu 2 na gramu 32 zingetoa gramu 18, na gramu 16 zingepotea bila maelezo.

Sasa jaribu kusawazisha mlinganyo wa gesi ya methani inapoungua: CH₄ + O₂ → CO₂ + H₂O. Anza na kaboni, fuatisha haidrojeni, na oksijeni uiache mwisho, kwa kuwa upande wa kushoto imesimama peke yake na namba yake hurekebishika bila kuvuruga nyingine. Nitalikagua daftari Jumapili.

Akupendaye,
Baba