Kololo: hesabuni mtaa mzima, si kiwanja kimoja

Mhariri,

Wanaolalamikia msongamano wa Kololo, Naguru na Bugolobi, mitaa ya makazi ya Kampala, huwanyooshea kidole wenye maghorofa. Ghorofa huja mwisho. Mwanzo ni nyumba moja yenye bustani: shirika lililochoka kutafuta maegesho Nakasero, katikati ya jiji, linaikodi, ukuta unapandishwa, kibanda cha askari kinasimama getini. Jirani anaona kodi ya ofisi inaishinda ya familia, naye anahama. Ofisi zikishafika nusu ya mtaa, waliobaki huuza, na mnunuzi ndiye anayebomoa.

Idhini ya kubadili matumizi huombwa kiwanja kimoja kimoja, na hapo ndipo hesabu inapopotea. Chukua karo, yaani tangi la maji taka la chini ya ardhi, la lita 2,400, pale ambapo bomba la maji taka halijafika. Watu 8 wakitumia lita 100 kila mmoja kwa siku, maji hukaa humo siku 3 na tope hutulia chini. Waweke wafanyakazi 60 wa lita 40 kila mmoja: maji hukaa siku 1 tu, tope linatoka nayo na kuziba shimo la kunyonyea, linalopitisha maji ardhini. Utaona nyasi za kijani kibichi mno upande mmoja wa ua, kisha harufu. Kuita gari la kunyonya kila mwezi hakusaidii, shimo limeshakufa.

Usafiri nao! Sensa ya 2024 iliikuta Kampala na watu karibu milioni 1.8, Wakiso, wilaya inayoizunguka, milioni 3.4. Ofisi zinasogea mashariki, karibu na makazi ya mabosi. Karani anatoka Nansana, Wakiso, upande wa pili wa jiji. Teksi yake, basi dogo la abiria, inamshusha katikati ya jiji, anavuka kwa miguu kutafuta ya Bugolobi, analipa nauli mbili. Mamlaka ya Mapato ilipojenga ghorofa 22 Nakawa, angalau ilikuwa kando ya barabara kuu ya Jinja. Nyumba ya ndani kabisa Kololo inaachia boda boda kazi hiyo.

Kabla ya kugonga muhuri, afisa aulize idadi ya viti, si ya vyumba, kisha ajumlishe viti vya ofisi zote za barabara ile. Karo, maegesho na stendi vipimwe kwa jumla hiyo. Na kwa kuwa upande wa mashariki Kampala inapakana na mji wa Kira ulio Wakiso, orodha za maombi za pande zote mbili zisomwe pamoja. Ofisi inayokataliwa upande huu huomba upande ule.

Mpangaji miji,
Kampala