Mbwa asifungwe nje ya hema usiku wa mvua

Mhariri,

Masika yakikutana na likizo ya Aprili, watu wengi wa mjini hutia hema na mbwa garini na kwenda kulala msituni, kuanzia Limuru hadi Kinangop. Hilo halina ubaya. Tunachopinga ni desturi moja tu: mbwa kufungwa kwenye mti nje ya hema ili “alinde kambi”, halafu wenyewe wanavuta zipu na kulala. Nyumbani mbwa ana banda lenye paa na anaujua uwanja wake. Msituni, mvua ikinyesha, mbwa aliyefungwa mtini halindi chochote. Kelele za matone kwenye majani humziba masikio, na upepo wa mvua humvurugia harufu. Anachobakia nacho ni baridi na woga, na kubweka kwake usiku kucha hakukuambii kama ameona fisi au anaomba kuingia ndani.

Kuna mambo mengine mawili ambayo watu wa nyanda za juu wanayajua lakini wageni huyasahau. La kwanza ni siafu. Udongo ukilowa, siafu hutoka na kuhama kwa misafara. Mtu atainuka akimbie akijikung'uta. Mbwa mwenye mnyororo wa mita moja hana pa kukimbilia, nao humwingia puani, masikioni na katikati ya vidole. La pili ni chui. Chui hupenda nyama ya mbwa na huwafuata hata kwenye mashamba yanayopakana na misitu. Ukimfunga mbwa gizani mahali asipoweza kutoroka, umemtegea chui chambo.

Kwa hiyo mbwa alale ndani. Hapo ndipo watu hutuuliza: atalalaje ndani akiwa chapachapa? Jibu ni maandalizi, na yanaanza wiki kadhaa kabla ya safari.

Kwanza, mahali. Hifadhi za taifa za Kenya na Tanzania haziruhusu mbwa wa kufugwa, na sababu ina uzito. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na virusi vyake vilihusishwa na mbwa wa vijiji vilivyo jirani. Bado ipo misitu ya kupandwa, misitu ya jamii na mashamba ya watu yenye miti. Nenda kwenye ofisi ya msitu husika uulize mambo mawili kwa majina yake: kulala, na mbwa. Kibali cha kutembea na mbwa mchana si kibali cha kulala naye.

Pili, chanjo. Kichaa cha mbwa na distempa ni lazima. Kwa safari ya mvua ongeza chanjo ya leptospira, kwa sababu bakteria hao hukaa kwenye madimbwi yaliyochanganyika na mkojo wa panya, na mbwa hapiti dimbwi bila kulamba. Kama hajawahi kuchanjwa leptospira, atahitaji dozi mbili zinazopishana wiki mbili hadi nne, kwa hiyo daktari wa mifugo aonwe mwezi mmoja na nusu kabla. Kidonge cha kupe apewe siku mbili kabla ya kuondoka. Wengine humwogesha mbwa kwa dawa ya kupe ya ng'ombe kwa kuwa ni rahisi bei. Tunawasihi waache: kipimo kilichoandikwa kwenye chupa ni cha ng'ombe, ukikosea kuchanganya unampa mbwa sumu, na ukipatia, mvua itaipunguza nguvu.

Hema lihesabu mbwa kama mtu. Mtu mmoja na mbwa wa kilo 25 wanahitaji hema la watu wawili. Watu wawili na mbwa, la watu watatu. Likiwa dogo zaidi, mbwa atakuwa amegusana na ukuta usiku kucha, na ukuta unaoguswa hupitisha unyevu. Chagua lenye ukumbi mdogo mbele ya mlango, yaani ile nafasi iliyofunikwa lakini haina sakafu. Ukumbi huo ndio chumba cha kumkaushia mbwa. Kucha zake zikatwe siku tatu nne kabla, zisikatwe asubuhi ya safari, maana kucha iliyokatwa sasa hivi ina ncha kali ya kutoboa sakafu ya hema.

Mizigo ya mbwa ni hii. Taulo mbili kuukuu, moja ya matope na moja ya kumalizia, kila moja ndani ya mfuko wake wa plastiki. Mkeka wa povu usionyonya maji, kama ule wa mazoezi ya viungo. Kipande cha godoro kisibebwe, kwani kinanyonya kama sifongo na hakikauki tena safari nzima. Wala usimtandikie nyasi za msituni, hata zikionekana kavu, utakuwa umebeba kupe hadi kitandani. Blanketi moja la sufu au la flisi. Ukosi wa pili ulio mkavu. Kamba ya mita mbili. Kibano cha kung'olea kupe. Chakula cha siku zote pamoja na cha siku moja ya ziada, kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana.

Zaidi ya hayo, beba turubai la mita 3 kwa 3 na kamba ya mita 10. Turubai hili ndilo litakalookoa usiku wenu kuliko bei ya hema.

Fikeni kabla ya saa kumi alasiri. Kutafuta mahali gizani, mvua ikinyesha, na mbwa anavuta kamba, ndiko kunakowapeleka watu kulala kwenye mkondo wa maji. Angalia majani na vijiti vilivyonasa kwenye vichaka: kimo chake ndicho kimo ambacho maji yaliwahi kufika. Usikae bondeni wala juu kabisa kileleni. Tafuta mwinuko mdogo ambao maji yanateremka bila kukimbia. Tazama juu pia. Mkaratusi hudondosha matawi bila hata upepo, na tawi lililolowa ni zito zaidi. Chini ya misonobari ardhi hunyonya maji vizuri, ila majani yake membamba kama sindano huteleza kwenye mteremko. Halafu, kabla ya kupigilia kigingi cha kwanza, zunguka hatua ishirini kila upande ukitazama chini, utafute mstari wa siafu na njia ya wanyama. Majivu ambayo watu humwaga kuzunguka hema husaidia kiasi yakiwa makavu. Yakilowa ni tope tu.

Turubai litangulie, hema lifuate. Funga kamba kati ya miti miwili kwa kimo cha kifua, tandaza turubai juu yake, upande unaotoka upepo ushushwe karibu na ardhi. Kwenye kila ncha ya kamba, kabla haijaingia chini ya turubai, funga kipande cha uzi kinachoning'inia kama kidole. Maji yanayotambaa kwenye kamba yatafuata uzi huo na kudondoka chini badala ya kuingia ndani. Ni uzi wa shilingi chache, na tumeona hema za bei kubwa zikilowa kwa kuukosa. Sasa mfunge mbwa chini ya turubai kwa kamba fupi, akae pakavu huku ukisimamisha hema kando yake. Asifungwe kwenye nguzo ya hema hata kwa dakika moja. Akimwona tumbili, ataondoka na nyumba.

Plastiki inayotandikwa chini ya hema isichungulie nje. Ikunje iishie sentimita tano ndani ya ukingo wa hema pande zote. Ikitokeza, inakinga maji ya mvua na kuyapeleka chini ya migongo yenu. Kosa hili ndilo tunaloliona zaidi, na wenye nalo daima hulaumu hema. Mitaro ya kuzunguka hema hatuipendi. Inaumiza ardhi ya msitu, na aliyechagua mahali pazuri haihitaji.

Kumkausha mbwa kuna utaratibu wake. Mvue ukosi na mkanda wa kifuani vilivyolowa, umvalishe ule ukosi mkavu. Ngozi inayokaa chini ya ukosi mbichi usiku kucha huchubuka na kutoa usaha, lakini mbwa asiye na ukosi kabisa akishtushwa na radi atapotea akiwa hana kitambulisho. Anza na tumbo, makwapa na mapaja, kwa sababu huko manyoya ni machache na joto hupotelea huko. Kisha miguu na kati ya vidole, kisha masikio, mgongo mwishoni. Kandamiza na kusugua kinyume cha manyoya. Mbwa wetu wa kienyeji, mwenye manyoya mafupi, hukauka haraka ila hupata baridi haraka pia. Mbwa wa aina ya polisi mwenye manyoya ya tabaka mbili huonekana mkavu juu huku ndani ameloa, kwa hiyo ingiza vidole hadi kwenye ngozi ndipo uamini. Usimkaushe motoni. Cheche hutoboa turubai na kumuunguza, naye hasemi mpaka aungue.

Na jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema, wala ukumbini, hata kama mkaa umebaki makaa machache. Hewa ya sumu itokanayo na mkaa haina harufu na huua watu na mbwa wakiwa usingizini. Joto la mbwa mkavu aliyelala pembeni yako linatosha. Acha tundu za hewa za hema wazi ingawa kunanyesha. Mbwa hutoa mvuke mwingi anapopumua, na hema lililozibwa hulowa kutokea ndani.

Mlisheni baada ya kutua, akiwa ametulia, na mumwongezee kama robo ya chakula chake cha kawaida, maana baridi inakula nguvu. Asikimbizwe baada ya kula. Maji yake yatoke nyumbani: mbwa wa kilo 25 huhitaji lita moja na nusu kwa siku akiwa ametulia, zaidi akitembea. Ndoo ya chakula ikae garini, au ining'inizwe juu mbali na hema. Fisi na nyegere hawapigi hodi.

Kwa msafara wenye Waislamu, jambo hili lisemwe kabla ya kuondoka. Kwa wengi wa mwambao wanaofuata madhehebu ya Shafi, unyevu wa mbwa ni najisi nzito ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kambini wakati wa mvua kila kitu kina unyevu. Mwenye mbwa awe na hema lake, sufuria zake na upande wake wa turubai. Ni adabu tu, na haigharimu zaidi ya kamba ya pili.

Usiku katika nyanda za juu, joto huweza kushuka hadi nyuzi 10 au chini yake. Mbwa akitetemeka, bado mwili wake unapigana. Akiacha kutetemeka huku akiwa amelowa, anayumba na ufizi wake umepauka, hiyo ni hatari zaidi, wala si nafuu. Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 na nusu. Likishuka chini ya 37, baridi imemshinda. Mkaushe, mfunike blanketi, jaza chupa maji ya vuguvugu, izungushie kitambaa na uiweke kifuani na kinenani. Usimsugue miguu kwa nguvu, usimpe pombe, na dawa zenu za maumivu, paracetamol na ibuprofen, zibaki mfukoni: kwa mbwa ni sumu. Akiweza kumeza, mpe maji ya uvuguvugu yenye chakula kidogo. Kama hapati nafuu ndani ya nusu saa, kunja kambi na mumpeleke kwa daktari.

Asubuhi mchunguze kupe: ndani ya masikio, chini ya ukosi, makwapani, kinenani, chini ya mkia, katikati ya vidole. Mshike kupe kwa kibano karibu na ngozi, vuta moja kwa moja bila kuzungusha. Mafuta ya taa na kijinga cha sigara havimtoi. Humfanya atapike mate yake ndani ya damu ya mbwa. Kinyesi kizikwe sentimita 15 chini, mbali na mto, au kirudi nanyi mjini.

Hema lililokunjwa bichi lianikwe siku hiyo hiyo, kabla kuvu hawajaanza. Mbwa naye atazamwe kwa wiki tatu. Akikataa chakula, akipata homa, au mkojo wake ukiwa na rangi ya chai ya rangi, mpelekeni apimwe damu siku hiyo, na mumwambie daktari kwamba alilala msituni.

Wapiga kambi wafugao mbwa,
Limuru