Barua kwa Mwanangu Kuhusu Orodha ya Filamu za Klabu Yenu

Mwanangu mpendwa,

Ama baada ya salamu nyingi na kukuombea afya njema, sisi huku Unguja hatujambo, na baba yako anakusalimu. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kusikia kwamba wakaazi wa mtaa wenu huko Dodoma wameunda klabu ya filamu, wamepata ukumbi wa kuonyeshea kila mwisho wa mwezi, na wamekukabidhi wewe kazi ya kuchagua picha za zamani watakazozitazama. Umeniuliza naionaje orodha yako. Nimeipitia kalamu mkononi, na hakuna filamu hata moja ambayo ningeiondoa. Ninachokipinga ni mpangilio wake, kwa sababu umewapangia wanachama wako kama mwalimu anayetunga mtihani, nzito zote mbele na tamu zote nyuma, ilhali watu hao wanalipa ada kwa hiari yao na wataacha kulipa kwa hiari yao hiyo hiyo.

Ningekuwa mimi, ningeanza na Awara, ile uliyoiweka karibu na mwisho. Najua utasema kwamba hiyo ni picha ya kina bibi yako, na kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake ya kwanza. Raj Kapoor aliitoa mwaka 1951, na katika miaka iliyofuata hapakuwa na picha iliyopendwa kuliko hiyo katika majumba ya senema ya pwani yetu. Wanawake ambao hawakuwa wakitoka usiku kuchanganyika na wanaume walikuwa na onyesho lao wenyewe mchana, na bibi yako alikuwa mmoja wao. Alikuwa akituimbia wimbo mkuu wa picha hiyo jikoni, kwa Kihindi asichokijua, mwanzo mpaka mwisho bila kukosea lahani. Hata huko Dodoma, mji wa watu waliotoka kila pembe ya nchi, hutakosa mzee wa Tanga, wa Dar es Salaam au wa Mwanza ambaye ukimtajia jina la Nargis, mwigizaji mkuu wa kike wa picha hiyo, atatabasamu kabla hujamaliza kulitamka. Mzee huyo ndiye atakayewaleta wajukuu zake, na wajukuu hao ndio watakaorudi mwezi wa pili kutazama picha ambazo hakuna mtu wa kwao aliyewahi kuzisikia.

Nimeitaja kwa sababu nyingine pia, nayo ni kwamba inawapa watu jambo la kuzungumza. Jaji Raghunath anaamini kwamba mtoto wa mwungwana huwa mwungwana na mtoto wa mwizi huwa mwizi. Mkewe, Leela, anatekwa na haramia, anarudi nyumbani, na baada ya muda mfupi inajulikana kwamba ana mimba; mume anaingiwa na shaka na kumfukuza usiku. Mtoto, Raj, ambaye ukubwani ameigizwa na Raj Kapoor mwenyewe, anazaliwa barabarani, anakulia katika vibanda vya Bombay, na haramia yule yule, ambaye jaji aliwahi kumtia hatiani kwa kuwa tu babake alikuwa mwizi, anamlea katika wizi ili amthibitishie jaji kosa lake. Kisa kinaanza mahakamani na kinamalizikia mahakamani, kijana akiwa kizimbani na baba yake akihojiwa na wakili wa kike. Sasa waeleze wanachama wako, ila baada ya kutazama, kwamba jaji yule ameigizwa na Prithviraj Kapoor, baba mzazi wa Raj Kapoor. Kwamba Raj wa utotoni ni Shashi Kapoor, mdogo wake. Na kwamba mzee anayekaa kitini kuiendesha kesi ni babake Prithviraj. Babu, baba na mjukuu, katika chumba kimoja cha mahakama cha kutengenezwa, wanabishana juu ya damu na malezi! Sijui familia nyingine iliyowahi kujiweka kizimbani namna hiyo.

Klabu yetu ya huku Unguja ilipoionyesha, vijana walicheka mwanzoni, hasa pale watu wanapoanza kuimba bila sababu, na mimi niliwaacha wacheke. Kufika usiku ule ambao Leela anafukuzwa ukumbi ulikuwa umetulia, na taa zilipowashwa mazungumzo hayakumhusu steringi hata kidogo. Mama mmoja wa makamo, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, alisimama akasema kwamba watu wote wanamlilia Raj, lakini hakuna aliyeuliza kwa nini mwanamke aliyetekwa ndiye aliyepewa talaka ya mlango. Kijana mmoja akamjibu, mzee mwingine akamkatiza kijana, na bawabu alikuja mara mbili kutukumbusha kwamba anataka kufunga. Ndiyo maana nakuomba usiikate picha hiyo. Inazidi saa tatu, na nimeona katika barua yako kwamba unafikiria kuruka nyimbo ili iingie katika muda wenu. Ukiziruka utakuwa umetoa humo hata ile ndoto ndefu ya Raj, yenye ngazi, mawingu na sanamu kubwa, ambayo ndiyo inayoonyesha kijana huyu anaogopa nini kuliko jela. Weka mapumziko katikati kama majumba ya senema yalivyofanya, mtafute mtu wa kuuza bisi na kahawa, na uanze mapema.

Mwezi wa pili waonyeshe Chaplin, ile ya msichana kipofu anayeuza maua, ya mwaka 1931. Wakati ule filamu za kusema zilikuwa zimekwisha kuteka majumba yote ya Marekani, na yeye akakataa kuipa midomo ya wahusika wake maneno, akatunga muziki mwenyewe, akaachia uso na miguu vifanye kazi. Watoto watavunjika mbavu katika pambano la ngumi, na wakubwa watakaa kimya msichana atakapoushika mkono wa mzururaji, yaani Chaplin, na kumtambua kwa kugusa. Hiyo haihitaji mfasiri, na itakupa mwezi mzima wa kulishughulikia tatizo la lugha, ambalo katika barua yako umelipitia juu juu.

Tatizo lenyewe ni hili: nakala nyingi za filamu hizi huja na maandishi ya Kiingereza chini ya picha, na nusu ya wanachama wako ama hawayasomi au hawayawahi. Usiwadharau wale wasimulizi wa vibanda vya video, akina Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, waliozifasiri filamu za kigeni kwa sauti zao wenyewe na kuzitia mizaha yao. Wao waliwafikishia watu wa kawaida filamu ambazo sisi wenye klabu tungewaringia nazo. Hata hivyo, msimulizi wa namna hiyo huifanya picha kuwa yake, na katika klabu ya filamu za kale tunataka kusikia pia Mwitalia anavyopandisha sauti na anavyonong'ona. Sisi tumefanya hivi: faili la maandishi ya chini ni maandishi ya kawaida tu, yenye saa, dakika na sekunde juu ya kila sentensi, kwa hiyo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kulifungua na kuweka Kiswahili mahali pa Kiingereza. Wagawane wanachama watatu au wanne, kila mmoja na kipande chake, kisha mmoja apitie yote ili mhusika asiwe anasema kama mtu wa Lamu katika nusu ya kwanza na kama mtu wa Kariakoo katika nusu ya pili. Punguzeni maneno bila huruma. Sentensi isiyosomeka kabla ya picha kubadilika ni afadhali isiwepo. Na kwa wasiosoma kabisa, asimame mtu kabla ya taa kuzimwa awasimulie mwanzo wa kisa kwa dakika chache, asiseme mwisho.

Baada ya hapo ndipo uiweke ile uliyotaka kuanza nayo, ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1948, kuhusu baskeli iliyoibwa. Nakubaliana nawe kwamba ni picha kubwa, na kwa watu wa mjini wanaoishi kwa bodaboda na mikopo haitakuwa ngeni hata kidogo. Roma baada ya vita, mtu hana kazi, anapata kazi ya kubandika mabango, na sharti ni baskeli, ambayo ameiweka rehani. Mkewe anayavua mashuka ya kitanda na kuyapeleka kwenye rehani ili baskeli ikombolewe. Waambie wanachama wako watazame kwa makini kipande hicho, kwa maana kamera inamfuata karani akipanda na furushi la mashuka kwenye rafu zilizojaa mashuka ya watu wengine mpaka karibu na dari, na hapo hapo, bila mtu kutamka neno, mtazamaji anaelewa kwamba mji mzima umelalia magodoro matupu. Siku ya kwanza ya kazi, akiwa juu ya ngazi anabandika picha ya nyota wa filamu wa Marekani, baskeli inaibwa. Aliyeigiza mtu huyo, Lamberto Maggiorani, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda wala hakuwa mwigizaji. Sehemu iliyobaki ni baba na mtoto wake mdogo kutembea mji mzima wakiitafuta, na sitakuharibia kwa kukuandikia kinachotokea mbele ya uwanja wa mpira, ingawa wewe umeshaiona.

Picha hiyo ndiyo inayonipa jibu la swali lako la mwisho, pale ulipouliza kama klabu ndogo ina faida yoyote zaidi ya kupitisha jioni. Mwaka 1947 Satyajit Ray, kijana aliyekuwa akichora matangazo katika kampuni moja ya Calcutta, aliunda klabu ya filamu pamoja na Chidananda Dasgupta na wenzao wachache, ili watazame na kujadili picha ambazo majumba ya mji hayakuwa yakizileta. Mwaka 1950 mwajiri wake alimpeleka London, na katika miezi michache aliyokaa huko alitazama karibu filamu 100, ikiwamo hiyo ya De Sica, akatoka ukumbini akiwa ameamua kwamba atatengeneza filamu yake kwa namna ile ile, nje ya studio na kwa watu wasio na majina. Filamu hiyo ilitoka mwaka 1955, na tangu hapo ulimwengu umelijua jina lake. Sikuambii kwamba Dodoma itatoa Ray, wala usiwaahidi hivyo wanaowapa ukumbi. Lakini mtu aliyekwisha kujadili picha na wenzake kwa miaka mitatu aliingia katika ukumbi ule wa London akijua anatafuta nini, na hilo klabu ya mtaa inaweza kulitoa.

Halafu utusogeze Afrika, usiiache kwa ajili ya siku maalumu kana kwamba ni mgeni rasmi. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa kuli bandarini Marseille na mwandishi wa riwaya kabla ya kushika kamera, na alishika kamera kwa kuwa watu aliowaandikia wengi wao hawakujua kusoma. Picha yake fupi ya mwaka 1963, ya mwenye mkokoteni wa farasi mjini Dakar, haifiki hata nusu saa, kwa hiyo unaweza kuionyesha usiku mmoja na ile ya baskeli. Yule wa Roma anaibiwa na mwizi. Huyu wa Dakar anachukuliwa mkokoteni na polisi kwa kuwa amethubutu kuingia mtaa wa wakubwa. Ziweke pamoja bila kusema kitu, na wanachama wako wataziunganisha wenyewe.

Mambo ya vyombo sitayarefusha, maana una wenzako wanaoyajua. Shuka lenye mikunjo litaziharibu nyuso, kwa hiyo livutwe kwenye fremu ya mbao na kuzungushiwa kitambaa cheusi pembezoni, ambacho huifanya picha ionekane kung'aa zaidi. Spika zikae mbele kando ya shuka, si nyuma karibu na kompyuta, kwa sababu watu hawapendi sauti itoke visogoni mwao. Ama kuhusu ruhusa, usichukulie kwamba filamu ikiwa ya zamani haina mwenyewe. Kuonyesha hadharani ni jambo jingine na kutazama nyumbani, hata kama diski umeinunua kwa fedha zako. Mwende Bodi ya Filamu na ofisi ya hakimiliki mkaulize kabla ya kubandika tangazo, na mweke majibu yao kwa maandishi.

Nalisisitiza jambo moja tu, nalo ni namna ya kuongoza mazungumzo. Wewe umesoma, na unapenda kueleza, kama baba yako. Taa zikiwashwa, jizuie. Usianze kwa kuwauliza wamejifunza nini, kwani swali hilo huwafunga watu vinywa. Waulize ni kipande gani wangependa kukiona tena, kisha kama umeme upo kirudishe mkitazame pamoja. Atakayesema picha imemchosha mpe nafasi ya kwanza, umwombe aeleze ilianza kumchosha wapi. Nimeona mara nyingi kwamba mtu huyo ndiye aliyetazama kwa makini kuliko wote waliopiga makofi.

Nitumie orodha mpya ukishaipanga, pamoja na tarehe, kwani baba yako ana safari ya huko baada ya mvua za masika na angependa safari yake iangukie usiku wa Awara. Atakuletea lile faili letu la tafsiri ya Kiswahili. Lipitieni kabla ya kulitumia; katika hotuba ya wakili kuna sentensi mbili ndefu mno, na mimi na katibu wetu hatujakubaliana bado ni ipi ya kukatwa.

Wasalaam,

Mama yako