Kwa vijana wa kamera wa Kisumu: picha mlizofuta

Wanangu,

Salamu nitazifanya fupi maana nina uchungu. Wiki mbili zilizopita ndugu watatu kutoka upande wa Seme walinibishia hodi hapa Manyatta. Mama yao yuko mochari, mwenye kuchapa programu ya mazishi anadai picha kabla ya kesho, na picha hawana. Waliyo nayo ni ya kitambulisho, ile ya kukodoa macho kama mtu aliyeshikwa na askari. Picha nzuri ilikuwapo. Mwaka jana, kwenye harusi ya mjukuu, mmoja wenu alimpiga mama picha chini ya mwembe akicheka, na watu wakaiona pale pale kwenye kioo cha kamera wakashangilia. Walipompigia simu sasa, kijana aliwajibu kwa upole kabisa: "Poleni sana. Hiyo haikuwa kwenye zile zilizochaguliwa, na kadi nilishaifomati."

Mama yule nilimjua. Alikuwa akiuza omena soko la Kibuye, na Jumapili moja ya mwaka wa 1984 alikuja studio kwangu akapigwa picha. Basi ndugu wale waliponieleza, nikavuta mikebe ya Kimbo kutoka chini ya kitanda, tukaanza kuinua negativu, zile filamu za zamani, moja moja dirishani. Tuliipata jua likizama. Pembe moja imeliwa na ukungu lakini uso ni mzima. Ameshika mkoba mweusi ambao haukuwa wake. Ulikuwa wa studio. Nusu ya akina mama wa Kibuye wa miaka ile wana picha na mkoba huo. Mpini ulikuwa umekatika nikaufunga kwa uzi wa nyavu, na ukiangalia vizuri uzi unaonekana. Kesho yake asubuhi, pale saiba, uso ulipotokea kwenye kompyuta, mkubwa wao alitoka nje akaketi kwenye ngazi.

Sasa nyinyi mnaniambia hamtaki kuitwa wapiga picha wa harusi, mnataka kuitwa wasanii. Vyema. Kila nikikaa nanyi mnamtaja mpiga picha Samuel Fosso. Mnapenda zile picha za mwaka 2008 alizojipiga mwenyewe akijigeuza Lumumba, Nkrumah, Muhammad Ali. Mnapenda kwamba mwaka 2023 alitunukiwa tuzo ya picha ya Deutsche Börse kule London. Lakini mwanzo wake mnauruka.

Fosso alizaliwa Kumba, Kameruni, mwaka 1962, akalelewa Nigeria, vita vya Biafra vikamkuta mtoto. Baadaye akapelekwa Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kwa mjomba wake, na mwaka 1975, akiwa na miaka 13, akafungua studio. Mchana aliwapiga wateja picha. Jioni, filamu ikibakiwa na nafasi chache, hakutaka zipotee bure, akajipiga mwenyewe na kumpelekea bibi yake Nigeria ili ajue mjukuu yu hai. Mabaki ya filamu, wanangu! Hakuna mteja aliyezichagua, hakuna aliyezilipia. Zilikaa karibu miaka ishirini, mpaka yalipofanyika maonyesho ya kwanza ya picha ya Bamako, Mali, mwaka 1994, dunia ikaziona. Angekuwa na tabia yenu ya kufomati, leo mngekuwa mnamtaja nani?

Na bado karibu azipoteze. Februari 2014, ghasia za Bangui zilipopamba moto, nyumba yake iliporwa na negativu zikatupwa nje. Waandishi wa habari waliopita hapo ndio waliojitosa kuziokota. Mpiga picha Zanele Muholi wa Afrika Kusini hakubahatika hivyo: mwaka 2012 wezi waliingia nyumbani kwake Cape Town wakabeba diski zenye kazi ya miaka. Diski zilikuwa zaidi ya ishirini, lakini zote zilikuwa mle mle ndani. Kwa hiyo usinijie na hadithi ya "Mzee, mimi ninahifadhi, nina diski." Diski moja nyumbani ni yai moja mfukoni. Weka nakala mbili, na ya pili ilale nyumba nyingine, kwa dada yako, kanisani, popote.

Halafu andikeni. Seydou Keïta alifungua studio Bamako mwaka 1948 na alitunza negativu zake kama mtu atunzavyo mbegu. Lakini mwaka 1991 baadhi ya picha zake zilipotundikwa kwenye maonyesho New York, hazikuwa na jina la aliyezipiga. Mtu yu hai kwao, kazi yake iko ukutani Marekani, na ubao unasema hajulikani! Ikabidi atafutwe mpaka Mali. Nyinyi faili zenu zinaitwa nambari tupu. Miaka thelathini ijayo nani atajua yule bibi ni nani, na ule ufuo ni Dunga au Usenge?

Nisije nikaonekana malaika. Nilipohama studio mwaka 2013 niliacha magunia mawili ya negativu kwenye stoo, nikisema nitayarudia wiki ijayo. Wiki ijayo ikawa miezi. Siku niliyorudi, watoto wa ploti walikuwa wameshika negativu zangu wakitazamia kupatwa kwa jua. Mwenye nyumba alikuwa amewagawia, na nyingine alishawashia jiko. Sikumlaumu sana, kodi nilikuwa ninadaiwa, na magunia nilikuwa nimeyaacha mwenyewe. Lakini mle kulikuwa na wanafunzi, maharusi, watoto ambao wengine hawakukua. Mpaka leo mtu akiniuliza, "Mzee, yetu ya mwaka 1979 unayo?" ninajifanya ninaitafuta.

Mengine nitayasema haraka.

Mikataba: someni Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001. Ukikodiwa kazi bila maandishi, haki ya picha huhesabiwa imehamia kwa aliyekukodi. Sentensi moja mliyoitia sahihi inatosha kukubakishia. Picha inalindwa miaka 50, kwa hiyo hiyo sentensi ni ya wajukuu wako.

Ombeni ruhusa. Mvuvi wa Dunga si mandhari.

Msikopeshane lenzi.

Na picha moja moja chapeni kwenye karatasi, japo kumi kwa mwaka. Karatasi haiulizi nenosiri.

Nisiwagombeze peke yenu, maana mmelelewa na sisi. Huku kwetu mtu akifa tunakodi mahema, tunachinja fahali, spika zinasikika mpaka kijiji cha pili, kamati inakaa usiku mzima juu ya bajeti. Picha ya marehemu inakumbukwa saa ya mwisho, ikakatwe kwenye kitambulisho. Mtoto akisema anataka kujifunza picha, mzazi anauliza kama alifeli. Na wenye studio za zamani wakifa, watoto wao wanauza kamera na kuchoma masanduku. Nimeona moshi wa namna hiyo mara mbili hapa mjini, na mara zote mbili nilifika nimechelewa.

Kwa hiyo nina ombi. Jumamosi ninashinda nyumbani na ile mikebe. Ninahitaji vijana wawili wenye macho mazuri na skana, chai ipo. Anayekuja aje na kadi zake zilizojaa kabla hajazigusa, tukae tuzipitie pamoja.

Nilisahau jambo moja. Ile negativu ya mama wa Seme ilikuwa ndani ya bahasha yake, na juu yake nilikuwa nimeandika kwa kalamu ya wino: "Mama Omena, Kibuye. Posta-kadi 3. Deni sh. 10." Mkubwa wao aliisoma, akaingiza mkono mfukoni. Nilimkatalia kabisa. Walipoondoka nikatoa vikombe, nikaikuta sarafu chini ya sahani.

Mzee wenu wa studio,
Manyatta, Kisumu