Malecha wa saikolojia na uongozi, njooni mkae shuleni

Kwa Mhariri,

Mimi nafundisha Kiswahili na dini katika shule moja ya kutwa huku Kano, Kisumu, na juu ya lesoni zangu 26 kwa wiki nimepewa pia gaidansi, yaani ushauri nasaha, maana yake mtoto yeyote mwenye shida analetwa kwangu. Ofisi yenyewe ni stoo. Nimo humo na maboksi ya chaki, mipira miwili iliyotoboka na vitabu vya silabasi ya zamani, viti ni viwili na kimoja lazima ukiegemeze ukutani, mlango haufungi vizuri kwa hivyo mtoto akianza kulia inabidi nisimame niushikilie kwa mgongo ili wanaopita nje wasimwone.

Mwaka jana mwezi wa sita lecha mmoja wa chuo kikuu alikuja kumwangalia mwanafunzi wake wa TP, yaani anayejifunza ualimu kwa kufundisha shuleni. Wanaojua TP wanajua inavyoenda, lecha anafika, anakaa nyuma ya darasa dakika 40, anajaza fomu, anaongea na mwanafunzi wake chini ya mti kidogo, chai stafrumu, halafu gari linaondoka kwa sababu ana wengine wanne wa kuona siku hiyo hiyo. Huyu mama alikuwa mtu wa saikolojia ya elimu. Ilitokea tu kwamba mvua ilinyesha, na hii barabara yetu ya udongo mweusi ikilowa hakuna gari linapita, kwa hivyo akabaki.

Sasa akiwa anakunywa chai, mwalimu wa zamu akaniletea kijana wa kidato cha pili, mara ya saba hiyo tangu mwaka uanze, kosa ni lile lile, analala darasani na akiamshwa anajibu kwa hasira. Dipti, naibu wa prinsipali, alikuwa ameshasema akirudia aende nyumbani wiki mbili arudi na mzazi. Yule mama akaniuliza, "Mwalimu, kitabu cha nidhamu kiko wapi?" Nikamletea kile tunachoandikia makosa na tarehe zake. Hakumuuliza kijana swali hata moja. Alifungua kurasa, akaweka kidole kwenye tarehe moja, akashuka hadi nyingine, na nyingine, kisha akanitazama, "Hizi siku, usiku wake mvua ilinyesha?" Sikuwa na jibu. Lakini mpishi wetu, ambaye analima mpunga, alikuwa anaokota vikombe, akasema, hiyo ya Machi naikumbuka Daktari, ndiyo ilibeba miche yangu, na hiyo ya Mei pia kulinyesha usiku kucha.

Akaingia na kijana kwenye stoo yangu, kile kiti kibovu akakikalia yeye. Kumbe tangu mafuriko ya Aprili 2024, yale yaliyofanya shule nchi nzima zichelewe kufunguliwa hadi Mei 13, huyu mtoto mvua ikianza usiku anaamka anakaa mlangoni na tochi, amesimika kijiti uani anaangalia maji yamefika wapi, manake ile mara ya kwanza maji yaliwakuta wamelala na ni yeye alimtoa mdogo wake nje akiwa amembeba shingoni. Anakesha hivyo, asubuhi anatembea hadi shule, anakaa, usingizi unamchukua. Mimi nimemfundisha huyo mtoto mwaka mmoja na nusu. Nilimwita mkaidi kwa mdomo wangu mbele ya wenzake. (Yeye na mama yake wamenikubalia niandike haya, bila jina.)

Lecha akaenda moja kwa moja kwa prinsipali na kile kitabu mkononi. Prinsipali wetu si mtu mbaya, na ana masta ya uongozi wa elimu, tena ameisomea chuo hicho hicho anakofundisha yule mama. Alisikiliza, akavua miwani, akasema, "Daktari, miaka miwili nimesomeshwa bajeti, ununuzi, sheria za elimu, hakuna siku niliambiwa kitabu cha nidhamu kinaweza kusomwa hivi." Na mama akamjibu kwamba walimu waliomfundisha uongozi ofisi zao ziko ghorofa moja na yake, wanasalimiana kila asubuhi, lakini hawajawahi kukaa pamoja kuzungumzia shule hata moja.

Hapo ndipo nimekwama Mhariri na ndiyo maana nakuandikia. Kijana hakutumwa nyumbani, tukakubaliana na mama yake pamoja na baba mdogo wawe wanapokezana kuangalia maji, na siku mvua imekesha anakuja kulala kwangu stoo lesoni ya kwanza, walimu wote wanajua. Mpaka leo jina lake halijaandikwa tena. Kazi yote ilichukua chini ya saa mbili! Na haingefanyika kama barabara ingekuwa kavu.

Huku kwetu wataalamu wapo, kwenye vyuo vikuu. Maseno iko hapa karibu, Masinde Muliro iko Kakamega, Moi iko Eldoret, Egerton iko Njoro, zote zinafundisha walimu na zina watu waliosomea jinsi mtoto anavyofikiri na jinsi shule inavyoongozwa. Mimi sina. Marekani chama chao cha wanasaikolojia wa shule kinapendekeza mtaalamu mmoja kwa kila wanafunzi 500, na hata wao kwingi hawajafika hapo, lakini angalau kuna kiwango cha kulilia. Shule yangu ina watoto zaidi ya 700 na mtaalamu ni mimi, mwalimu wa Kiswahili aliyehudhuria semina ya siku tatu.

Kiboko tuliambiwa tukiweke chini 2001, sheria ya elimu ya msingi ya 2013 ikarudia, na ni sawa kabisa, mimi mwenyewe sikitamani. Lakini mwalimu aliyenyang'anywa fimbo alihitaji mtu akae naye amwonyeshe kingine cha kufanya. Watoto 67 wakachomeka bwenini shule ya Kyanguli mwaka huo huo wa 2001, 21 wakachomeka shule ya Endarasha 2024, na kila baada ya moto tunasikia gaidansi iimarishwe mashuleni. Iimarishwe na nani? Na sasa Gredi 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu katika mtaala mpya, imeingia Januari 2026, mtoto wa miaka 15 amechaguliwa ama amechagua mkondo wa masomo ambao utaamua maisha yake, wengine wanakuja kwangu wanalia wanataka kubadilisha, na mimi sina chombo chochote cha kupima kama huyu kweli ni wa sayansi ama ni baba yake ndiye wa sayansi.

Nilimpigia yule lecha simu muhula uliofuata nikamwomba arudi. Alisema angependa sana, lakini kuja nje ya TP ni petroli yake mwenyewe, na siku atakapoomba kupandishwa cheo watamuuliza makala mangapi yametoka kwenye majarida, hakuna atakayemuuliza ni shule gani alikaa. Simlaumu hata kidogo. Hawa ni watu ambao mwaka 2025 waligoma siku 49 wakidai pesa za makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021, huwezi kumwambia mtu wa namna hiyo ajitolee tu.

Kwa hivyo ninaomba wenye vyuo, sio malecha. Mpeni kila lecha wa saikolojia ya elimu shule moja, moja tu, na mwenzake wa uongozi wa elimu muwape hiyo hiyo, waje pamoja siku moja kila wiki mbili, mmoja akae na mimi na watoto na mwingine akae na prinsipali na dipti, halafu saa tisa wakutane chumba kimoja wote. Walipiwe gari. Na hiyo siku ihesabiwe kwenye kupandishwa cheo kama makala yanavyohesabiwa, manake nikishajifunza kusoma hicho kitabu cha nidhamu nitawafundisha walimu wenzangu kumi, na wale wanafunzi wa masta ya uongozi watakaokuja kuwa maprinsipali watakuwa wamefundishwa na mtu ambaye juzi alikuwa kwenye shule yenye matope. Hata utafiti wenyewe wataupata huku, data iko kwenye kabati la dipti tangu miaka ya tisini, hakuna aliyewahi kuifungua.

Wengine watasema vyuo havina pesa. Gari la TP linakuja kila mwaka hata hivyo, linapita mbele ya lango letu, naliona.

Mimi kwa upande wangu likizo hii nimehamisha maboksi ya chaki, fundi amerekebisha mlango na sasa unafunga, na mpishi ametupatia kiti cha tatu. Ijumaa sina lesoni kuanzia saa nane mchana.

Mwalimu wa gaidansi,
Kano, Kisumu