Usiiache iuzwe kwa kilo

Nyakato, Mwanza

Kwako Baba Neema,

Habari za Shinyanga? Mama Neema na watoto hawajambo? Huku sote wazima, na karakana ina kazi tele.

Shemeji kaniambia bosi wako anataka kuiuza ile CNC, mashine ya kukereza inayoongozwa na kompyuta, kwa watu wa chuma chakavu. Tafadhali, mwombe asubiri. Kama ulivyonieleza, betri ya kumbukumbu ilikufa, vigezo, yaani mipangilio ya mashine, vikafutika, na skrini haiwaki tena. Basi kilichokufa ni ubongo. Kitanda, spindo inayozungusha kazi, skrubu za mipira na mota za servo zinazosogeza kisu bado vizima, na thamani ya mashine imo humo. Yetu ilikuwa hivyo hivyo, na sasa inakereza shafti za boti za pale Mwaloni. Tena tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, wateja wa Sengerema wanafika bila kusubiri kivuko.

Bodi za zamani tuling'oa zote, mota na draivu zake, yaani vifaa vinavyozipa mota umeme, tukaziacha. Draivu nyingi za enzi zile hupokea amri kwa voti, kati ya -10 na +10, na lugha hiyo bado inaeleweka. Tukachukua kompyuta ya kawaida ya mezani, tukaweka programu ya LinuxCNC na kadi ya Mesa 7I97T inayoiunganisha na draivu. Programu yenyewe ni ya bure, ilianzia kwenye kazi ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, miaka ya 1990. Mara 1,000 kila sekunde inasoma enkoda, vifaa vinavyohesabu mizunguko kwa mipigo ya umeme, inaangalia kisu kiko wapi na kilitakiwa kiwe wapi, kisha inarekebisha voti. Kisu kikibaki nyuma kupita kiwango ulichoweka, mashine inasimama.

Sasa kukata nyuzi za skrubu, ndugu yangu! Hapo ndipo nilipoipenda. Funga enkoda kwenye spindo kwa mkanda wa meno, puli zilingane, ili spindo ikizunguka mara moja nayo izunguke mara moja. Pamoja na mipigo ya kawaida, ina mpigo mmoja wa pekee kwa kila mzunguko. Ukiita G76, amri ya kukata nyuzi, kisu kinausubiri mpigo huo ndipo kiingie. Kila pasi inaanzia palepale, na kwa uzi wa milimita 2 kisu kinasogea milimita 2 kila spindo inapomaliza mzunguko. Spindo ikilemewa ikapunguza mwendo, kisu nacho kinapunguza. Nati inaingia kwa vidole, huhitaji spana.

Waya wa enkoda uwe wenye wavu, wavu uungwe kwenye ethi upande mmoja tu, na usiulaze pamoja na nyaya za invata, kifaa kinachobadili mwendo wa mota ya spindo. Ukipuuza hilo utahangaika na mipigo ya uongo.

La usalama silegezi hata kidogo. Kitufe chekundu kikate umeme wa draivu moja kwa moja kupitia rilei. Kompyuta ipewe taarifa tu, isiachiwe uamuzi. Na siku ya kwanza ya kuwasha, vua mkanda kati ya mota na skrubu. Waya za takomita (kipima mwendo cha mota) au za enkoda zikiwa kinyume, mota inakimbia kwa nguvu zake zote, na ni heri ikimbie bila kisu. Umeme ukikatika, UPS inalinda kompyuta, lakini draivu zinazima. Kama enkoda zenu si za kukumbuka mahali, irudishe mihimili yote ya mwendo nyumbani, yaani mahali pake pa kuanzia, kabla ya kuendelea.

Gharama kubwa ni kadi na kuisafirisha. Kabati, nyaya na swichi za mwisho mnazo tayari.

Nitumie kwa WhatsApp picha za vibati vya draivu na mota, kila kimoja, na kaboni za mota ukiweza kuzichomoa. Nikiona maandishi nitajua kama zinapokea voti 10 au la, nawe utakuwa na la kumwambia bosi kabla mnunuzi hajaleta mizani. Nikihitajika, nitapanda basi nije.

Wasalimie wote.

Ni mimi,
Baba Kulwa